Tiba ya macho kabla ya kutoa ushahidi

Pole sana, dada. Umeuliza kama EMDR, ile tiba ya kiwewe ya kufuata kidole cha mtaalamu kwa macho huku ukiikumbuka ajali ya lori inayokunyima usingizi, itakuvurugia ushahidi kabla kesi haijasikilizwa.

Hofu yako ina msingi. Macho yakienda huku na huku, akili hukosa nafasi ya kuishika picha nzima, nayo hufifia, haichomi tena. Ndiyo nafuu yenyewe hiyo, ila wakili wa upande wa pili anaweza kuishikia bango. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi waliwaonyesha watu video ya ajali ya gari. Waliosogeza macho wakaamini zaidi maelezo ya uongo waliyopewa baadaye. Mwaka 2019 wengine walirudia jaribio, wasione tofauti hiyo.

Mimi nisingeahirisha tiba, maana hulali! Ila kwanza andikisha maelezo polisi: rangi ya lori, lilikotokea, na penye mashaka useme "sina hakika". Baki na nakala yenye tarehe. Mweleze wakili wako pia. Picha mpya ikizuka katikati ya tiba, usiiingize kwenye ushahidi kwa sababu tu imekujia waziwazi.