Barua kwa mwanangu: kama Thorgeir angekataa

Mwanangu,

Sura mbili za hadithi yako nimezipata na nimezisoma zote. Baba yako ameuliza kama kuna mapigano ndani. Nimemwambia avute subira. Swali ulilonitupia ni hili: tuseme mwaka 1000 Thorgeir, msemaji wa sheria wa Aisilandi, angetoka chini ya joho lake na kutangaza kwamba Aisilandi haibatizwi ng'o, je, Odin, yule mungu mkuu wa wapagani wa kaskazini, angekuwa anaabudiwa mpaka leo, na mahekalu yake na vitabu vyake, kama ulivyoandika? Unamjua mama yako, miaka yote ile ya kufundisha historia haikunifunza kujibu kwa mkato.

Mahekalu, huenda. Vitabu, sidhani. Hadithi yako inachechemea hapo hapo.

Tuanze na Thorgeir. Wewe umemfanya nabii. Ari Thorgilsson, kasisi aliyeandika habari hizo yapata miaka 120 baadaye, anamwonyesha mtu wa namna nyingine, na mimi huyo ndiye ninayempenda. Watu wamekusanyika Thingvellir kwenye baraza lao la Althing. Wakristo na wapagani wameshatangaza kwamba hawatashirikiana sheria tena. Huko Norwei, Mfalme Olaf Tryggvason anawashikilia Waaisilandi kadhaa mateka hadi nchi yao ikubali Ukristo. Uamuzi anaachiwa Thorgeir, msemaji wa sheria, naye bado ni mpagani. Analala, anajifunika joho, mchana ule na usiku wake hatamki neno. Wapo wataalamu wanaoamini alikuwa katika ibada ya kale ya kutafuta kauli kutoka ulimwengu wa siri. Wengine wanasema alikuwa anawaza tu, kama mtu yeyote mwenye mzigo ule. Hapo una uhuru wako wote.

Lakini tazama alichosema alipoinuka. Hakumtaja Odin. Alisema wakiigawa sheria watakuwa wameigawa na amani. Basi wote wabatizwe, ila desturi ya kuwatupa watoto wachanga ibaki, nyama ya farasi iliwe, na anayetaka kuichinjia miungu achinje kwa siri. Wakipatikana mashahidi, adhabu ni kufukuzwa nchini miaka mitatu. Tena inasimuliwa kwamba wengi waliyakataa maji baridi, wakabatizwa kwenye chemchemi za moto wakiwa njiani kurudi makwao. Hao ndio watu wako, baba. Ila ulivyowaandika wewe wamenuna mno, kila mmoja anaongea kama yuko msibani.

Na kumbadilisha Thorgeir nia hakukusaidii sana. Aisilandi haikuwa na miti ya kutosha kujengea meli. Mbao nzuri zilitoka Norwei, na nafaka pia ililazimu iagizwe ng'ambo. Ukigombana na mfalme wa Norwei, unajenga na nini? Ningekuwa wewe, ningeacha kauli ya Thorgeir nikacheza na kalenda. Kwa hesabu ya Ari, Olaf aliuawa vitani kiangazi kile kile cha baraza. Shauri lingeahirishwa hadi baraza la mwaka uliofuata, wangekutana pale bila mfalme wa kuwatishia. Wangepumua kidogo. Mwaka 1015 angetokea Olaf mwingine, Haraldsson, naye hakuwa na mzaha katika dini: ndiye aliyewabana Waaisilandi hadi ile ruhusa ya nyama ya farasi na mengineyo ikafutwa. Kwa hiyo unayo kama miaka 15 ya kuchezea. Mwandishi hodari zinamtosha.

Sasa ile sura ya pili, shujaa wako anapopandwa na Odin. Imeandikwa vizuri, ila umempa mwanamume kazi ya wanawake. Uaguzi ule waliouita seiðr ulikuwa mikononi mwa wanawake. Freyja, mungu wa kike, ndiye aliyewafundisha miungu wenzake, na Odin alipoufanya alichekwa kwamba si mwanamume. Soma katika saga, yaani simulizi la kale, ya Erik Mwekundu habari za Thorbjörg, mtabiri wa Greenland. Njaa imeingia, wamemwalika. Anafika na fimbo yenye kirungu cha shaba, glavu za ngozi ya paka, analetewa uji wa maziwa ya mwanambuzi na mioyo ya wanyama. Kesho yake anahitaji mwanamke wa kuuimba wimbo wa kuita mizimu, na katika nyumba nzima anayeujua ni Gudrid peke yake. Gudrid ni Mkristo. Anakataa, wanambembeleza, mwishowe anaimba, na waliokuwapo wanasema hawajapata kusikia sauti nzuri kama ile. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai. Mwanamke wa dini mpya ndiye aliyebakia na wimbo wa dini ya zamani!

Sasa rudi kwenye vitabu vyako. Herufi za runi walikuwa nazo, wakichonga kwenye mawe na vijiti: jina, kumbukumbu ya marehemu, laana fupi. Kuandika vitabu kwa wino na ngozi kulikuja na Kanisa. Sheria zao zenyewe, ambazo msemaji alizikariri kwa kichwa theluthi moja kila kiangazi, zilianza kuandikwa majira ya baridi ya 1117. Snorri Sturluson, mwandishi wa huko huko Aisilandi, aliandika Edda, kitabu chake cha visa vya miungu na ushairi, karibu 1220 kwa sababu washairi vijana walihitaji kuvijua visa vya miungu ili waelewe mafumbo ya mashairi ya wazee wao. Alikuwa Mkristo, na ili asionekane anahubiri upagani akaeleza kwamba hao miungu walikuwa binadamu tu waliotoka Asia. Shairi la Odin kutundikwa mtini usiku tisa, amechomwa mkuki, akajitoa sadaka kwa nafsi yake mwenyewe, tunalo katika kitabu cha ngozi kilichonakiliwa miaka ya 1270, nchi ikiwa ya Kikristo karne mbili na ushei.

Usiniambie kuna mashahidi wa nje. Ninamjua Ibn Fadlan, aliyetumwa kutoka Baghdad akakutana na Warus, wafanyabiashara wenye asili ya Skandinavia, kwenye mto Volga mwaka 922. Aliona jahazi la mkuu wao likichomwa moto na maiti ndani, aliona wafanyabiashara wakiziomba nguzo za mti ziwaletee mteja tajiri asiyebishana bei. Yote kayaandika. Jina la mungu hata mmoja hakutuachia.

Kwa hiyo yule kijana wako wa sura ya kwanza, anayefukunyua maktaba ya Reykjavík hadi akakipata Kitabu cha Odin, mtoe. Katika dunia uliyoibuni kitabu hicho hakikuandikwa. Kipo katika hii yetu, ambamo Odin alishindwa. Kwako kuna watu wanaokumbuka tu. Mimi ningeanzia kiangazi cha tatu: msemaji wa sheria ameugua, baraza limeshakaa, na ile theluthi iliyobaki anaijua yeye na mwanamke mmoja aliyebatizwa kwa siri.

Ukiiandika hiyo, nitumie. Baba yako atapata mapigano yake.

Mama yako