Samaki, mkaa na Sabato: jiko la aliyeingia Uyahudi Kigoma

Ukiingia Uyahudi ukiwa Kigoma, usianze kwa kuhangaikia nyama. Nyama iliyochinjwa na Waislamu haitoshi. Sheria ya Kiyahudi inataka mchinjaji Myahudi aliyefunzwa, mapafu yakaguliwe, mshipa wa paja na mafuta yaliyokatazwa yatolewe, kisha nyama ilowekwe nusu saa na ikae kwenye chumvi saa nzima. Kama hakuna wa kuyafanya hayo, kula samaki. Ziwa Tanganyika lina neema tele kwa mtu wa kosheri, yaani anayekula kile tu kinachoruhusiwa na sheria hiyo.

Samaki awe na mapezi, na magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Mgebuka, kuhe na sangala wanafaa. Kambale hana gamba hata moja, kwa hiyo hafai. Nunua samaki mzima pale mwalo wa Kibirizi, umbandue gamba kwa kucha zako mwenyewe. Minofu iliyochunwa ngozi iache, maana huwezi kujua ni ya samaki gani. Samaki hana masharti ya kuchinjwa wala ya kutolewa damu, ila kisu cha muuzaji huenda kimetoka kupasua kambale sasa hivi, basi nenda na chako. Waliokwisha kukaangwa usinunue: karai lile limepita kila aina ya samaki.

Dagaa ndio wanaochosha. Magamba yao hupukutika upesi, na waliokauka mara nyingi hawana hata moja. Hilo haliwaharamishi, kwa sababu samaki anayepoteza magamba akitolewa majini anaruhusiwa. Shida ni mchanganyiko na wadudu. Watandaze kwenye ungo juani, utoe kila kisichokuwa dagaa. Waliokaa guniani muda mrefu huingia mabuu, hasa kichwani na tumboni: vunja vichwa, pasua matumbo, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kung'uta, badili maji, tazama tena. Ukikuta fungu limejaa mabuu, lirudishe dukani. Hakuna kuosha kutakakoliokoa.

Kumbikumbi nao hawaliwi. Jirani akikuletea bakuli, pokea kwa mikono miwili, umshukuru, umweleze kwa upole kwamba dini yako inakuzuia. Na mayai ya kienyeji yavunje moja moja kwenye glasi. Lenye damu mwaga.

Kwa Sabato, siku ya mapumziko inayoanza Ijumaa jua likizama, usifuate saa za Dar es Salaam. Kigoma jua huzama kama dakika 40 baadaye, kati ya saa 12:50 na saa 1:25 jioni kutegemea mwezi. Mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Ukisikia adhana ya magharibi umeshachelewa, usiiwashe, maana Sabato ikishaingia kuwasha moto ni marufuku.

Kupika nako ni marufuku siku hiyo, kwa hiyo chakula cha Jumamosi mchana kinahitaji kupangwa mapema. Maharage yaive kabisa Ijumaa, ndipo uyaache kwenye jiko la mkaa. Kabla jua halijazama, funika makaa kwa majivu mpaka wekundu usionekane. Majivu ndiyo yanayoonyesha kwamba hukusudii kuchochea moto. Weka maji ya kutosha mapema, kwa sababu baadaye huongezi maji wala mkaa, hupepei, na hukorogi sufuria ikiwa motoni. Wengi huunguza maharage Sabato ya kwanza kwa kuacha makaa mengi: matatu au manne makubwa chini ya majivu yanatosha sufuria ndogo. Ukishaiweka chini sufuria Jumamosi, usiirudishe jikoni.