Uingereza au Marekani? Uliza Kwanza Nani Atalipa

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi na vijana huniuliza swali lile lile: kati ya Uingereza na Marekani, ni wapi kwenye vyuo bora? Nilisoma shahada ya kwanza kwa miaka minne katika chuo kidogo cha Marekani, kisha nikafanya uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, na bado siwezi kulijibu swali hilo jinsi linavyoulizwa. Ninachoweza kuwauliza wao ni nani atalipa, na kama kijana ameshajua anataka kusoma nini.

Nianze na fedha, maana ndizo zilizoniamulia mimi. Baadhi ya vyuo vya Marekani hutoa ufadhili kwa kuangalia kipato cha familia, hata kwa mwanafunzi wa kigeni. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humdahili mgeni bila kujali uwezo wake wa kulipa, kisha hufidia kiasi chote ambacho familia yake haiwezi kukitoa. Kupenya huko ni kazi ngumu mno, lakini vipo vyuo vidogo visivyotajwa mitaani kwetu ambavyo, ingawa hupima mfuko wako kabla ya kukuchukua, vikishakuchukua hukufadhili vya kutosha, na ndivyo nilivyosoma mimi. Uingereza, mgeni wa shahada ya kwanza hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji, na ufadhili kamili ni wa kubahatisha. Hali hugeuka kwenye uzamili, kwa kuwa huko kuna ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, na wa Jumuiya ya Madola, na masomo yenyewe kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, ilhali Marekani mara nyingi ni miwili.

Baada ya fedha huja suala la uamuzi. Uingereza unaomba kozi. Marekani unaomba chuo. Kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, unaruhusiwa kuchagua kozi tano, na maelezo yako binafsi ya kwa nini unaitaka kozi ni yale yale kwa zote, hivyo anayechanganya sheria na uhandisi hujiharibia mwenyewe. Oxford na Cambridge huwezi kuziomba zote mbili katika mwaka mmoja, na mwisho wa maombi yake ni tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko vyuo vingi. Kwa Mtanzania mfumo huu si mgeni, kwani tahasusi zetu zimetokana na mfumo huo huo, na tumezoea kufungiwa ndani ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza) tungali watoto. Mimi niliondoka nyumbani na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) nikiamini kabisa kwamba ni mchumi. Marekani niliruhusiwa kufika mwisho wa mwaka wa pili bila kutaja fani yangu kuu, na katika kuzungukazunguka huko nikakutana na takwimu, ambazo ndizo zinazonilisha leo. Ningekwenda Uingereza nikiwa na miaka 19, miaka mitatu ingeisha nikiwa mchumi wa kawaida tu.

Kwa Mkenya kuna jambo la kuongeza: vyuo vingi vya Uingereza humtaka mwenye KCSE, cheti cha kumaliza sekondari Kenya, asome kwanza mwaka wa msingi wa kujiandaa kwa shahada, na ada ya mwaka huo hula faida yote ya shahada fupi ya miaka mitatu.

Lililonitesa zaidi ni alama. Muhula wa kwanza Marekani nilijihifadhi kwa ajili ya mtihani wa mwisho, kama tulivyofanya kwa mtihani wa taifa, nikidharau kazi ndogondogo za kila wiki. Mtihani niliufanya vizuri sana, nikaambulia C, kwa sababu zile kazi ndogo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya alama. Uingereza ikawa kinyume chake. Nilikuwa na vipindi vichache kwa wiki, muda uliobaki ni wangu na maktaba, na insha moja ndiyo ilibeba somo zima. Ya kwanza ilirudi na alama 62, usiku ule sikulala, kumbe huko 50 ni kufaulu na 70 ndiyo daraja la juu kabisa.

Kuhusu viza nitasema machache, maana kanuni hubadilika kila mara na ni lazima usome tangazo la ubalozi la mwaka wako. Uingereza hutoza mwanafunzi mchango wa afya wa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, nao hulipwa wote mwanzoni, na fedha za kujikimu ni lazima zikae benki siku 28 mfululizo. Mwenzangu mmoja aliwekewa fedha za mjomba zikiwa zimebaki siku kumi tu aombe viza, akanyimwa.

Mpwa wangu naye anataka udaktari, na kwake hesabu hii yote haifanyi kazi. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, yaani takriban miaka minane kwa jumla. Uingereza huingiwa moja kwa moja kwa miaka mitano au sita, lakini nafasi za wageni ni chache na ada yake ni mzigo ambao ukoo wetu hauuwezi. Tulikaa naye jioni nzima tukipiga hesabu, na asubuhi yake akajaza fomu ya Muhimbili, chuo cha udaktari cha hapa nyumbani.