Kiwanja Nilichonunua ni Changu Kweli?

SWALI: Nimechoka kupanga, hivyo nimenunua kiwanja Mbagala kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Je, sasa mimi ni mmiliki kamili?

JIBU: Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, hivyo hata mwenye hati hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa kulipia kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Hata hivyo, tofauti na upangaji wako, haki hiyo huuzwa, huwekwa rehani na hurithiwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni karatasi yako, kwani muhuri ule unaonyesha kwamba mliuziana, si kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Kabla ya kununua hata tofali, uliza ofisi ya ardhi ya manispaa kama kiwanja kimepimwa, na kwa jina la nani.