Ukijiunga na kikundi cha djembe, omba kwanza kenkeni, ile ngoma ndogo ya nyuma

Kila Jumanne jioni utanikuta kwenye ukumbi mmoja wa kanisa hapa Leeds, Uingereza, nikipiga ngoma za Guinea na Mali pamoja na watu kumi na wawili ambao bila ngoma nisingewajua hata majina. Yumo nesi, yumo dereva wa basi, wamo wastaafu. Hakuna anayelipwa, tunachangia pauni chache za ukumbi na za mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa nne, na bado nakutana na watu wanaotamani kuja ila wanasita kwa kudhani ngoma ni ya waliozaliwa nayo mkononi. Ndugu yangu, njoo. Ila yapo mambo ningependa uyajue mapema.

Wageni wengi hukimbilia djembe, nami nilikimbilia. Inavutia: gogo moja lililochongwa umbo la kinu, ngozi ya mbuzi juu, kamba zimesukwa ubavuni. Ina sauti tatu za msingi. Besi hutoka katikati ya ngozi kwa kiganja kizima, sauti ya wazi hutoka ukingoni kwa vidole vilivyobanwa pamoja, na kofi hutoka papo hapo ukingoni, vidole vikiwa vimelegea. Kofi ndilo kila mtu analitaka, kwa kuwa linalia kama kuni kavu ikivunjika. Mwezi wangu wa kwanza nililitafuta kwa nguvu, tena nikiwa na pete kidoleni. Nilirudi nyumbani kidole kimevimba, pete ikatoka kwa sabuni na machozi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na mkono vilevile. Vua pete, bangili na saa kabla hujakaa, maana hata ngozi huchanwa na chuma. Kisha piga taratibu. Kofi zuri linatokana na mahali mkono unapotua na jinsi unavyoruka tena, wala halihitaji ubabe.

Baada ya mkasa ule mwalimu, mtu wa Conakry, Guinea, alinihamishia nyuma kwenye dunun. Niliumia moyo, nikadhani nimeshushwa. Leo namshukuru.

Dunun ni ngoma tatu za umbo la pipa, zimewambwa ngozi ya ng'ombe pande mbili na hupigwa kwa fimbo. Dundunba ndiyo kubwa, sangban ya kati, kenkeni ndogo. Mkono mmoja unapiga ngozi, mwingine unagonga kengele ya chuma iliyofungwa juu. Aliyekua akisikia vumi na chapuo kwenye ngoma za pwani hatapata shida kuelewa: kila ngoma ina neno lake, na hakuna inayosema maneno yote.

Kenkeni ina neno fupi kuliko zote. Katika mdundo wa Kassa, jinsi tunavyoupiga sisi, mapigo yake yanaangukia pale mguu unapokuwa hewani, si pale unapokanyaga. Kwa wiki tatu nilikanyaga na kupiga kwa pamoja, na kila mara kundi zima liliyumba. Nilijaribu kuhesabu, ikawa mbaya zaidi. Kilichonisaidia ni kuacha kujisikiliza na kuisikiliza sangban, kwa sababu ndiyo inayobeba sura ya mdundo. Usiku mmoja fimbo ikaingia mahali pake yenyewe. Nilipiga pigo lilelile dakika ishirini, mabega yamelegea, nikazisikia ngoma zote kwa mara ya kwanza. Ukianzia djembe utajisikia wewe tu. Ukianzia kenkeni utasikia kundi.

Kassa ni mdundo wa mavuno wa Wamalinke wa Guinea ya Juu. Wapiga ngoma hufuatana na wakulima shambani. Nilimtumia mama yangu sauti tuliyorekodi. Yuko Magu, amekulia kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe, na sikuwa nimemweleza chochote. Akanijibu: "Mwanangu, hao wanalima?" Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi.

Ndiyo maana nasema chagua kikundi ambacho mwalimu anakutajia jina la mdundo, watu wake na shughuli yake. Djembe ilifika kwenye majukwaa ya Ulaya miaka ya 1950 kupitia Les Ballets Africains, kundi la ngoma la Fodéba Keïta wa Guinea, na watu kama mpiga djembe Mamady Keïta, aliyezaliwa Balandugu mwaka 1950 na kufungua shule Brussels mwaka 1991, waliifundisha pamoja na historia yake. Kikundi kinachogonga tu bila kujua kinagonga nini kitakuchosha upesi.

Usinunue ngoma mapema. Mimi nilinunua mwezi wangu wa pili, ya rangi za kupendeza na mti mwepesi, nikaiweka karibu na hita. Usiku wa baridi tulisikia mlio mkubwa sebuleni. Asubuhi ngozi ilikuwa imechanika toka ukingo hadi ukingo. Azima ya kikundi angalau miezi sita. Ukinunua, tafuta iliyochongwa kwa mti mgumu kama lenke, na uiweke mbali na joto na jua la dirisha la gari. Ukiketi, iinamishe kidogo mbele, mdomo wa chini usizibwe na sakafu, vinginevyo besi itafia ndani. Ukikaa karibu na kengele, ziba masikio kwa vizibo.

Na jifunze mbiu kabla ya kitu kingine chochote. Ni kifungu kifupi cha djembe kiongozi kinachoanzisha mdundo, kuubadilisha na kuusimamisha. Siku yako ya kwanza hutajua kupiga mengi, lakini ukiitambua mbiu utanyamaza pamoja na wenzako, wote kwa pigo moja, na ukumbi mzima utatulia ghafla. Mimi bado hunisisimka mwili kila Jumanne.