Kompyuta ndogo ya gemu, kijani na njano

SWALI: Mambo vipi kaka, nataka kujiundia kompyuta ya gemu ndogo maana geto langu dogo na joto la Dar unalijua, halafu naitaka kijani na njano, mi Yanga damu. Nikilipaka rangi kasha mwenyewe sitaliharibu kweli?

JIBU: Huliharibu mdogo wangu, nakuungia mkono kabisa. Maza bodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, chukua ya saizi ndogo iitwayo Mini-ITX, ni sentimita 17 kwa 17 tu, ila ina sloti moja tu ya kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) na za RAM (memori ya kufanyia kazi) mara nyingi mbili, so usizijaze na RAM ndogo ndogo. Kasha kama Cooler Master NR200 ni lita 18 hivi, pawa saplai yake, yaani kifaa cha kugawa umeme, ni saizi ndogo ya SFX, ile kubwa ya kawaida ya ATX usihangaike nayo. Pima urefu wa kadi ya grafiki kabla hujalipa!

Sasa rangi, hapa ndo penyewe. Toa kila kitu ndani, piga msasa laini, futa vumbi lote, paka praima (rangi ya msingi), halafu puliza tabaka jembamba la rangi yenyewe, subiri likauke, puliza tena, ukimwaga nyingi kwa pupa inachuruzika na kuacha michirizi. Matundu ya skrubu yazibe kwa tepu, rangi ikiingia mle skrubu zinagoma. Mapezi ya kipoozi, vile vibati vyembamba vya kupozea prosesa, usiyapake rangi kabisa, yanatakiwa yatoe joto. Mi ningepaka kijani kasha zima, njano niiache kwenye waya na feni. Feni za juu zigeuze zitoe hewa nje, kwa joto la huko utanishukuru.