Uchungaji wa dakika tano: maswali yenu, majibu yangu

*Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu amejaza fomu kwenye simu saa nne usiku, na saa nne na dakika tano akawa mchungaji wa kanisa la Marekani. Ni kanisa kweli au utapeli?* (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Kanisa lipo, na si la juzi. Universal Life Church iliandikishwa na Kirby Hensley huko Modesto, California, mwaka 1962. Ikawa inatoa uchungaji kwa posta kwa yeyote aliyeomba, bila kujali anaamini nini. Intaneti imefupisha safari ya barua tu. Wengi huko hukichukua cheti ili wamfungishe ndoa rafiki siku moja, kisha Jumatatu wanarudi kazini. Hata kwao si kila mtu amekubali: mwaka 2019 jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kuwakataa waliopata uchungaji mtandaoni, wakafikishana mahakamani. Kaka yako hajatapeliwa, ila muulize hicho cheti anataka kukifanyia nini.

*Rafiki yetu ana cheti hicho. Tunataka atufungishe ndoa ufukweni Kigamboni mwezi Desemba.* (Wachumba, Kimara)

Hapana. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kiongozi wa dini anayefungisha ndoa lazima awe na leseni kutoka kwa Msajili Mkuu, yaani RITA, na taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Karatasi ya California si leseni hiyo. Fungeni ndoa ya bomani, kisha rafiki yenu awaongozee sherehe ufukweni na maneno matamu anayoyataka. Nasisitiza kwa sababu nimewahi kukaa na mjane ambaye cheti chake cha ndoa kilikuwa na maua pembeni na muhuri wa dhahabu, ila namba ya usajili hakuna. Kwenye mirathi alihangaika kutafuta mashahidi, na wawili kati yao walishatangulia mbele za haki.

*Mchungaji wetu hapa Mbagala hana hata diploma, lakini neno analo. Ana tofauti gani na hao wa mtandaoni?* (Mama wa watatu, Mbagala)

Tofauti kubwa, mama, na usiruhusu wenye digrii wakutishe. Mchungaji wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huenda akapitia chuo cha Makumira, kisha askofu anamwekea mikono mbele ya watu. Padri wa Kikatoliki anakaa seminarini miaka kadhaa ya falsafa na teolojia, wengine hapahapa Segerea, kabla ya kupewa daraja. Kwa Wapentekoste wengi kijana anaanza kwa kupanga viti, anakuwa mwinjilisti, analelewa chini ya mtumishi mkubwa mpaka wazee waseme huyu ameiva. Njia ni tofauti, ila zote zina watu waliomwona akikasirika, akishika fedha za sadaka, akizika mtoto wa mtu. Tovuti haijamwona hata akila.

Kwa hiyo mimi swali langu huwa moja: akikosea, nani atamvua kola? Wa Mbagala akiwa na wazee wa kumkalisha kikao, mnaye mchungaji. Asipokuwa nao, hata awe na shahada tatu ukutani, nina wasiwasi naye. Angalieni pia kama kanisa lenyewe limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Usajili haupimi mahubiri, lakini unadai katiba na viongozi wanaojulikana kwa majina.

*Mbona tovuti hizo zinasema uchungaji ni bure, halafu nimetozwa dola?* (Mtumishi mpya, Sinza)

Jina la uchungaji ndilo la bure. Ulichonunua ni cheti cha karatasi nzito, kadi ya mfukoni, na hapo nahisi umeongeza na kile kibao cha kuegesha gari kilichoandikwa kuwa wewe ni mtu wa Mungu. Ukikitundika kwenye kioo pale Posta, wa maegesho watakuandikia deni kama kawaida.